Laini ya Mama Kondo

Kwetu Lukwele, siku ya soko, watu walikuwa wanampa mchukuzi wetu Hatibu mizigo ya aina mbili. Mzigo wa kwanza ni matenga ya ndizi. Wa pili ni laini zao za simu.

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Lukwele ni kitongoji cha mlimani, juu ya Bigwa. Ukisimama uani kwangu unaiona Morogoro yote kule chini, mabati yanang'aa. Kuiona ni rahisi. Kuifikia ndiyo kazi. Unashuka kwa njia ya mawe, mkono mmoja umeshika tenga kichwani, mwingine umeshika miti. Kurudi ni kupanda tu. Mtu mzima akishuka leo, kesho magoti yanamkataa.

Ilikuwa mwaka 2012. Kampuni za simu zilikuwa zimejaa mjini, zinagombea wateja. Vijana wenye fulana za rangi walifika hadi sokoni, wanauza laini kwa bei ya karanga. Hela nazo zikaanza kupita kwenye simu. Mtoto yuko Dar, anamtumia mama yake. Simu inalia, hela imefika. Lakini ili uishike mkononi, lazima uende kwa wakala. Na wakala alikuwa mjini. Huku juu hakuna.

Ndipo tukajipangia utaratibu wetu. Unafungua simu. Unachomoa laini. Unaifunga kwenye kipande cha karatasi, na juu yake unaandika jina lako na namba yako ya siri. Kama hujui kuandika, Hatibu anakuandikia. Anazitia zote kwenye kikoba, anajitwika ndizi, anashuka. Jioni anarudi na laini, hela, sukari na sabuni. Chenji yako inakuja kamili. Tulijiona wajanja kweli.

Mimi naitwa Mwamvita. Nimezaliwa Lukwele, na mdomo wangu wanaujua. Lakini hadithi hii si yangu. Ni ya jirani yangu, Mama Kondo. Nilimwomba ruhusa niisimulie. Akaniambia, "Sema yote, ila usitie chumvi." Nitajitahidi.

Jina lake ni Chausiku. Mume wake alifariki zamani. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Kondo. Kijana huyo alitaka mama auze kipande cha shamba la ndizi ili anunue pikipiki, afanye bodaboda mjini. Mama akakataa. Kwetu Waluguru shamba ni la ukoo, linatoka kwa mama na bibi. Huliuzi hivi hivi. Wakagombana. Kondo akaondoka, akaenda kuchimba dhahabu Geita.

Kule Geita maisha hayakumnyookea. Simu yake iliibiwa. Akawa anahama kutoka shimo hili kwenda shimo lile. Akitaka kumpigia mama yake, anaazima simu ya mtu. Leo namba hii, kesho namba ile. Namba moja tu aliijua kwa kichwa, namba ya mama yake. Wakati mwingine alituma hela kidogo. Lakini Mama Kondo hakuwa anasubiri hela. Alikuwa anasubiri sauti.

Na huku kwetu mtandao ni wa shida. Unashika sehemu moja tu, kwenye jiwe kubwa nyuma ya shamba langu. Basi Mama Kondo alihamia pale. Anamenya magimbi pale. Anachambua mchicha pale. Mvua ikinyesha, anakaa na jani la mgomba kichwani.

Nikamtania, "Mama Kondo, utaolewa na hilo jiwe."

"Bora jiwe," akasema. "Jiwe halihami."

Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku moja akapanda kwetu binti mmoja, amevaa viatu vya matope, anahema. Tulikuwa tumekaa kwangu tunapukuchua mahindi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa upumue kwanza."

"Naitwa Winfrida," akasema. "Natoka Mzumbe, chuo kikuu. Nafanya utafiti juu ya hela za kwenye simu. Nataka kujua mnailindaje faragha yenu."

Tukatazamana.

"Faragha?" nikamuuliza. "Mwanangu, mume wangu yuko kaburini. Faragha ya nini tena?"

Tulicheka mpaka mahindi yakamwagika. Na yeye akacheka, akajifuta machozi. Nikampenda hapo hapo.

"Basi niseme vizuri," akasema. "Yapo mambo yako ambayo hutaki kila mtu ayajue. Una hela kiasi gani. Nani amekutumia. Umempa nani. Mambo hayo mnayalindaje?"

Mama Kondo akadakia, "Mimi nina namba ya siri. Moja, tisa, nane..."

"Mama! Usiniambie!" Winfrida aliziba masikio kwa mikono miwili.

"Sasa si umeuliza?"

"Sikuuliza namba yenyewe, mama. Mimi hutakiwi kuniambia. Hata wakala usimwambie. Hata mtu akikupigia akasema anatoka kampuni ya simu, usimwambie. Kampuni haina shida na namba yako ya siri."

"Mbona Hatibu anaijua?" nikasema. "Mimi naijua. Lukwele nzima inaijua. Ni mwaka aliozaliwa Kondo."

Winfrida akaweka kalamu chini. "Na ya kwako, mama? Usiitaje. Ni mwaka wa mtoto pia?"

"Wa kifungua mimba wangu."

"Na wengine?"

Wote tukaitikia. Kila mmoja alikuwa ameweka mwaka wa mtoto. Ni mwaka gani mwingine mama anaukumbuka? Winfrida akashika kichwa.

"Mama zangu, sikilizeni," akasema. "Laini ni nyumba. Namba ya siri ni ufunguo wake. Nyie mnamtwisha Hatibu nyumba zenu, na funguo mmezifunga mlangoni kwa karatasi."

"Hatibu si mwizi," Mama Kondo akasema kwa ukali.

"Sijasema ni mwizi. Lakini Hatibu naye anaweza kuibiwa. Tena mwaka wa mtoto kila mtu anaujua. Siri ambayo kila mtu anaijua si siri. Badilisheni. Hata leo nawaonyesha namna ya kubadilisha."

Tukamwambia tutabadilisha. Unajua zile ahadi za kumridhisha mgeni. Alipoondoka, tukaendelea na mahindi yetu.

Jioni nilimkuta Mama Kondo kwenye jiwe.

"Wewe utabadilisha?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Mwamvita, mimi picha ya Kondo sina. Nikibonyeza zile namba nne, naona kama nimemwita. Nikiweka namba nyingine, nitakuwa namwita nani?"

Nikakaa naye kidogo, kisha nikaenda kufungia kuku.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa siku ya soko, karibu na Idi. Soko limefurika watu. Hatibu aliweka kikoba chini ili amsaidie mteja kupakia mikungu kwenye toroli. Alipogeuka, kikoba hakipo. Laini zote zimekwenda, na namba za siri juu yake. Mwizi hakuhitaji hata kufikiri.

Jioni tukamwona Hatibu anapanda mikono mitupu. Alisimama uani kwangu. Akaeleza. Watu wakaanza kupiga kelele. Huyu hela ya ada imekwenda, yule hela ya nguo za Idi. Lakini aliyepiga kelele kuliko wote ni Mama Kondo.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" akasema. "Mwizi wewe, Hatibu! Umekula na mwizi mwenzako. Laini yangu! Umenikata na mwanangu!"

"Mama, sijachukua. Wallahi sijachukua."

"Usiniite mama!"

Hatibu alikuwa rafiki wa Kondo tangu utoto. Walicheza pamoja, wamekula chungu kimoja. Alimtazama Mama Kondo, machozi yakamtoka, mwanaume mzima. Kesho yake alifunga nyumba yake, akahamia kwa dada yake Bigwa.

Sisi wengine tulinunua laini mpya. Watoto wetu wana simu zao, tukawapigia tukawapa namba mpya. Yakaisha. Nikamwambia Mama Kondo, "Na wewe nunua nyingine."

Akanitazama kwa huruma, utadhani mwenye akili pungufu ni mimi. "Nikinunua nyingine, Kondo ataijuaje?"

Kweli jamani! Kondo hana simu. Namba zile za kuazima zilikuwa ndani ya laini, na laini imekwenda. Geita ni kubwa, na mashimo hayana anwani. Kati ya mama na mwana palikuwa na njia moja tu, ile namba. Sasa imefungwa.

Wiki zile sitaki hata kuzikumbuka. Mama Kondo alikwenda kwenye jiwe kila siku, na simu isiyo na laini. Anaishika tu. Ukimsalimia, anaitika kwa mbali. Nikipika namletea, anarudisha chakula hivyo hivyo. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na Hatibu, na mwizi, na hao wa kampuni, na mimi mwenyewe niliyempukuchulia binti wa watu mahindi usoni badala ya kumsikiliza.

Winfrida akarudi kuendelea na utafiti wake. Nikampeleka kwenye jiwe. Alipoona ile simu haina laini, akajua. Hakusema "niliwaambia." Kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alikaa chini kwenye majani, karibu na miguu ya Mama Kondo.

"Pole, mama. Laini iliibiwa lini?"

"Kabla ya Idi."

"Mlipiga simu kampuni waifunge?"

"Kuifunga?" nikauliza mimi. "Si imeshaibiwa?"

"Laini ikipotea, unapiga huduma kwa wateja siku ile ile. Unaazima simu ya mtu, unawaambia waifunge. Mwizi anabaki na kipande cha plastiki tu."

Sikujua. Hakuna aliyejua.

"Basi hela imekwenda," Mama Kondo akasema. "Mimi hela siitaki. Namtaka mwanangu."

"Mama, namba yako inaweza kurudi. Ile ile. Wanakupa laini mpya yenye namba ya zamani."

Mama Kondo aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Idi niliona macho yake yana uhai.

"Unasema kweli, mwanangu?"

"Kweli kabisa. Lakini tuwahi. Namba ikikaa muda mrefu haitumiki, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Kondo akipiga, atapokea mtu asiyemjua. Laini imesajiliwa kwa jina la nani?"

Mimi ndiye niliyejibu.

"Hatibu ndiye aliyetununulia sokoni. Walitaka kitambulisho. Alitoa cha kwake."

"Basi kwa kampuni, namba ile ni mali ya Hatibu," Winfrida akasema. "Bila yeye hawatakupa. Lazima aje na kitambulisho chake, athibitishe. Kisha wataihamishia kwa jina lako."

Mama Kondo akainamisha kichwa. Akachuma jani, akalichana vipande vipande.

"Nilimwita mwizi," akasema. "Mbele za watu wote."

Winfrida akalala kwangu, na asubuhi yake tulishuka watatu. Mama Kondo alitangulia mbele, magoti yake mabovu hayo hayo. Tulimkuta Hatibu nyuma ya nyumba ya dada yake, anasuka matenga ya mianzi. Alituona. Akaendelea kusuka.

Mama Kondo hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisimama.

"Hatibu mwanangu, nilikukosea. Ulimi wangu ulinitangulia. Nilikuvunjia heshima hadharani, na leo nakuomba radhi mbele ya hawa. Na nikirudi Lukwele nitasema mbele ya wote."

Hatibu aliweka tenga chini. Akaingia ndani. Mimi nikajua basi, ametususa. Akatoka na karatasi ya polisi.

"Siku ile ile nilikwenda kuripoti," akasema. "Nikapewa hii, taarifa ya upotevu."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Mlinipa nafasi ya kusema?"

Akavaa shati lake, huku anaongea na ukuta.

"Kondo ni rafiki yangu. Mnadhani mimi simkumbuki? Alikuwa akimpigia mama, lazima aseme, 'Nisalimie Hatibu.' Mama alikuwa ananiletea salamu mpaka mlangoni. Hizo salamu nazo ziliibiwa." Akageuka. "Haya, twendeni."

Kwenye duka la kampuni ya simu kulikuwa na foleni. Zamu yetu ilipofika, Hatibu alitoa kitambulisho chake cha kupigia kura na ile karatasi ya polisi. Dada wa dirishani akamuuliza maswali: namba gani, ilinunuliwa wapi, hupigiwa sana na kina nani. Kisha akamwomba Mama Kondo kitambulisho chake.

"Kuanzia leo laini hii ni yako," akasema. "Chausiku Mikidadi. Hakuna mtu mwingine anayeweza kuja kuidai."

Mama Kondo alilitazama jina lake kwenye kioo cha kompyuta kwa muda mrefu. Hajui kusoma sana, lakini jina lake analijua.

"Sasa weka namba ya siri mpya," dada yule akasema, akageuza uso pembeni. "Bonyeza mwenyewe. Mimi sitazami."

Winfrida alimnong'oneza, "Siyo mwaka wa mtoto, mama. Wala mwaka wako. Wala moja-mbili-tatu-nne. Namba ambayo mtu akikujua vizuri, bado haipati. Na usiiandike popote."

Mama Kondo akashika simu. Kidole kilikwenda kwenye moja, kwa mazoea. Kikasimama. Nikaona chozi linashuka.

"Jamani, nimwache mwanangu hivi hivi?" akasema polepole.

"Humwachi, mama," Hatibu akamwambia. "Unamfungulia njia."

Akafuta ile moja, akajifunika simu kwa kanga. Mimi nikanyoosha shingo kidogo. Aka! Akanivuta pua.

"Na wewe, Mwamvita! Toka hapa!"

Duka zima likacheka. Hadi leo sijui namba yake, na nimeacha kuiwinda.

Tuliporudi Lukwele, Mama Kondo alitimiza ahadi. Alisimama siku ya mkutano wa kitongoji, akasema, "Hatibu hakuniibia. Mimi ndiye niliyemwibia jina lake jema." Watu walimpigia Hatibu makofi. Akafungua nyumba yake tena.

Sasa ikabaki shida ile ile ya magoti. Wakala bado yuko mjini. Tutafanyaje? Winfrida alituonyesha njia.

"Hatibu naye ana laini yake, kwa jina lake," akasema. "Ukitaka hela, nenda kwenye jiwe na simu yako. Mtumie Hatibu kiasi kile tu unachotaka akutolee. Bonyeza namba yako ya siri mwenyewe. Yeye atatoa kwenye laini yake, kwa namba yake. Kuna makato kidogo. Lakini laini yako haitoki nyumbani, na akiba yako hakuna anayeiona."

"Na Hatibu akiibiwa simu?" nikamuuliza. Sikutaka kulala tena usingizi ule.

"Mwizi hana namba yake ya siri. Hatibu anapiga simu, laini inafungwa. Ninyi huku mko salama."

Ndivyo tunavyofanya mpaka sasa. Kila mtu amesajili laini kwa jina lake. Kila mtu amebadilisha namba. Hata wazee wanageuza mgongo wanapobonyeza. Mwanzoni tuliona aibu, mtu unamficha jirani yako wa miaka yote. Tukazoea. Kuficha namba si kumchukia mtu.

Lakini simu ya Kondo haikuja.

Mvua za vuli zikaanza. Mama Kondo yuko kwenye jiwe na simu yake, laini iko ndani, mtandao upo. Simu kimya. Akawa ananiuliza, "Au namba ameisahau?" Namwambia, "Mtoto hasahau." Kesho ananiuliza tena. Siku nyingine hakuuliza, alinitazama tu, nami nikajua anachouliza.

Siku moja nilikuwa napalilia maharage. Nikasikia simu inalia. Nilitupa jembe, nikakimbia. Nilipofika, Mama Kondo alikuwa ameshapokea. Simu zetu hizi zina sauti kubwa, nilisikia yote.

"Haloo? Haloo?"

Kisha sauti ya kiume ikasema, "Wewe nani?"

Ilikuwa sauti ya Kondo! Nilishika mdomo.

"Kondo! Mwanangu! Ni mimi, mama yako!"

"Msinichezee," Kondo akasema. Hakusalimia. "Mara ya kwanza mlisema mama yuko hospitali, hawezi kuongea. Nikatuma hela ya dawa. Mkasema haitoshi, nikatuma tena. Mkaniletea na mwanamke wa kulia, akajifanya mama. Nimefanya kazi ya watu wawili kwa ajili yenu. Sasa sina kitu. Nimepiga kuuliza neno moja tu. Mama yangu yu hai? Kama amekufa, semeni."

Mtume! Kumbe wale wezi hawakuishia kwenye hela. Waliweka laini ile kwenye simu yao, wakapokea mapenzi ya mtu, wakayauza.

"Mwanangu, sijaugua! Laini iliibiwa! Nimeirudisha!"

"Hayo ndiyo maneno yenu."

"Umezaliwa mwaka themanini na saba!"

"Hata yule mwizi alinitajia. Nilimuuliza nikimpima, akajibu papo hapo."

Alijibu, ndiyo. Mwaka ule ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi iliyofunga laini.

Nikanyang'anya simu. "Kondo! Mimi Mwamvita, jirani yenu!"

"Majina yote mnayajua. Mtandao wenyewe unakatakata, sauti zote zinafanana. Basi, simu ni ya watu. Nakata."

"Usikate!" Mama Kondo akaichukua simu. Akanipa mgongo. Akavuta kanga juu ya kichwa, akajifunika na simu humo ndani. Nilipaswa kuondoka. Miguu ilikataa.

"Usikate, nisikilize," akasema, sauti imeshuka. "Siku uliyoondoka, alfajiri, ulikuja mlangoni kwangu. Ukasema, 'Mama, naondoka.' Ukasubiri. Ukasema tena. Mimi sikujibu. Ukadhani nimelala. Sikulala, Kondo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo. Hasira ikanizuia. Nikakusikia unashuka mpaka nikaacha kukusikia. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mwamvita hajui. Nisamehe, mwanangu. Laiti ningefungua."

Nilidhani simu imekatika. Kisha nikasikia mtu anavuta pumzi, kama mtoto aliyelia sana.

"Mama."

"Naam."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema Mama Kondo. "Umekula?"